Mwamba wa Mihogo Hauwi Bichi

Pwani, upande wa kusini,
wakati wa wageni wengi

Mama yangu mzazi,

Kabla ya lolote naulizia goti lako. Lile la kulia lililokuwa likikusumbua ukipanda kutoka mtoni, limepoa, au bado unapaka yale mafuta ya kitunguu na kutudanganya kwamba yamesaidia? Na kifua je? Mvua zilipokatika, maharage yalikuwa yamekomaa au yalibaki maua matupu? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na chumvi na jua vimeniunguza hivi kwamba ukiniona utadhani nimetoka kupalilia tangu asubuhi. Ila hapa hakuna anayepalilia, Mama. Hapa watu wanasafiri safari ndefu kuja kuangalia maji.

Kaka Taban, najua ni wewe unayesoma, maana hapo nyumbani miwani ni yako. Hujambo, kaka? Soma polepole na usiruke mahali. Unajua vizuri kwamba barua zangu Mama husomewa mara mbili, mara ya kwanza na wewe, mara ya pili na shangazi Keji akija kutoka Arua. Shangazi alisomeshwa na masista wa Ediofe, na hana huruma na mtu anayeruka mistari.

Nije kwenye jambo lenyewe. Mama, Taban ameniletea habari kwenye simu kwamba amepata tajiri mmoja wa Arua, mwenye gari jeupe, anayetaka kuuzungushia ua mwamba wetu wa Lurujo, ule mpana wa kando ya mto mnakoanika mihogo, pamoja na dimbwi lililo chini yake. Wataleta miavuli, soda, spika kubwa na mtumbwi uliopakwa rangi, na watu wa Koboko na Arua watakuja Jumapili kuogelea. Wataiita bichi. Njia ya kufika mwambani inapita kwenye ardhi ya marehemu Baba, kwa hiyo hawawezi kupima bila wewe kukubali. Na wewe umesema utafuata neno langu, kwa sababu ni mimi ninayefanya kazi ya wageni na maji, lakini unalitaka neno hilo kwenye karatasi. Taban anasema ulimwambia hivi: "Simu iko ya kila mutu. Karatasi iko na mkono ya Kiden." Basi akaniomba niandike nikueleze uzuri wa wageni. Ameomba mwenyewe, kwa ulimi wake. Sasa naandika.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana nahisi bado unaniona nikitandika vitanda kama nilivyokuwa nikifanya Arua. Mbele ya hoteli yetu kuna sehemu ya bahari inayolindwa. Huvui humo, huokoti, huvunji. Chini ya maji kuna kitu kinaitwa matumbawe. Ukiyaona utasema ni mawe, lakini yako hai, yanakua, na samaki wa kila rangi wanalala ndani yake. Yanakua polepole mno. Ukilikanyaga tumbawe kwa kiatu, umelivunja, na wewe utazeeka kabla halijarudi lilivyokuwa. Kazi yangu ni kuwavisha wageni miwani ya maji, kuwaongoza hadi kwenye boti, kuwaambia wasiguse, na kuamua ugomvi wao. Hiyo ya kuamua ugomvi ndiyo imezimeza kazi nyingine zote.

Maana wanagombana, Mama, watu wazima waliovaa chupi. Ni makabila matatu, na sisemi nchi walizotoka. Kuna wa samaki, wanaoelea kifudifudi wakitazama chini na kutaka dunia nzima inyamaze. Kuna wa pikipiki za majini, ambao wameacha foleni na honi za mjini wakaja kutafuta kelele nyingine huku. Kuna wa tiara, wanaojifunga kwenye tiara kubwa ya kitambaa na kuburutwa na upepo juu ya ubao, halafu wakimgonga mtu wanasema ni upepo. Kila kabila linasema linaipenda bahari. Kila kabila lina hakika kwamba mharibifu ni lile jingine. Nimewasikiliza wote, na naapa sijaona mapenzi ya bei rahisi kama hayo.

Kuna mmoja wa kabila la samaki, mwanamke mrefu, amekaa hapa muda mrefu kuliko wote. Ana fulana iliyoandikwa kwamba bahari ni mama yetu. Kila siku anajirekodi kwa simu akiwaelezea wenzake wa kwao jinsi pikipiki zinavyoua bahari. Siku moja maji yakiwa machache nilimkuta amesimama anahubiri, na sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa uchungu. Nikamwambia kwa upole, "Samahani, dada, umesimama juu ya matumbawe." Akanikazia macho kama niliyempigia kelele kanisani. Akasema, "Nazungumza kuhusu matumbawe." Akaanza upya, palepale aliposimama.

Adui wake ni bwana mmoja mfanyabiashara, ana kitambi na mnyororo shingoni, na hawezi kukaa majini bila injini chini yake. Nilipomwambia kelele inafukuza samaki alinijibu kwamba samaki hawana masikio, na hata wangekuwa nayo, yeye amelipa kama wengine. Hiyo ndiyo dini yao, Mama. Amelipa. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba kitu fulani kitakufa, anakuonyesha risiti.

Usidhani nawasema wageni peke yao. Nahodha wetu Bakari, mtoto wa hapahapa pwani, huniita Bi Iko, kwa sababu siku yangu ya kwanza niliuliza, "Kasa iko wapi?" na yeye akacheka hadi akashika mbavu. Kiswahili changu ni cha kambi, anasema. Sawa. Lakini Bakari huyo mwenye Kiswahili kitamu ndiye anayewamwagia samaki mkate ili waizunguke boti, wageni wapige makofi, naye apewe kitu. Samaki wa hapa wamekuwa ombaomba. Wakisikia injini ya Bakari wanaacha kazi zao na kuja kupanga mstari. Nilimkanya, akaniambia, "Wacha, Bi Iko, hata wewe ukiona sahani hukimbii." Na kweli nilikuwa na njaa.

Sasa sikia siku ya kasa. Kasa ni kobe wa baharini, mpana kama sinia la harusi. Anaishi chini, lakini anavuta hewa kama mimi na wewe, kwa hiyo sharti apande, atoe kichwa, avute pumzi, ashuke. Alipanda kati ya boti yetu na pikipiki ya yule bwana. Mwenye fulana akaanza kumfokea bwana aondoke, anamtisha mnyama. Bwana akafoka kwamba boti ndiyo inayomtisha, ina watu wengi. Kasa akashuka. Alipotokea mbele kidogo, wote wawili wakamfuata, kwa sababu ugomvi ulikuwa haujaisha na kila mmoja alitaka kuumalizia mbele ya shahidi. Akashuka tena. Wakamfuata tena. Bakari anaendesha, mwenye fulana anapiga kelele, bwana anapiga honi, na yule kiumbe anatafuta tu mahali pa kuvuta pumzi. Nilimshika Bakari mkono nikazima injini mimi mwenyewe. Nilishtakiwa na wote watatu.

Kwa ajili hiyo kikaitishwa kikao. Ofisi ya hifadhi ikamtuma afisa, kijana msafi, suruali imepigwa pasi hadi unaogopa kumkaribia. Alikuja na ramani na kalamu za rangi. Akasema tatizo letu ni mgawanyo, na kwamba baada ya leo kila mtu atakuwa na bahari yake. Nyeupe wa samaki, nyekundu wa pikipiki, njano wa tiara. Wageni wakashangilia, kisha wakaanza kuomba. Mwenye fulana alitaka nyekundu iwe mahali asipoweza kuiona. Bwana alitaka nyekundu iwe karibu na baa. Mtu wa tiara aliuliza kama njano inaweza kuhamishwa kila upepo unapogeuka. Walikaa hadi chai ikaisha mara mbili, na matumbawe yenyewe hayakutajwa tena baada ya salamu. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimimina chai.

Yakaja maboya, mapipa ya plastiki ya rangi yanayoelea, kila moja limefungwa kwa mnyororo kwenye donge la saruji. Bakari na wenzake waliyatosa boti ilipochoka. Donge moja liliangukia tumbawe lililokuwa pana kama kitanda cha Baba, likalipasua katikati. Boya la kulinda, Mama. Wiki haikuisha, wenye pikipiki wakagundua kwamba maboya yanafaa sana kwa mashindano ya kuzungukana, na wa samaki wakagundua kwamba ukilikumbatia boya jeupe unatoka vizuri kwenye picha. Afisa alirudi akayatazama, akasema mpango unaendelea vyema.

Hapo ndipo na mimi nilipofanya ujinga wangu, na ujinga huo ni wa kwetu kabisa, mtu wa pwani asingeufanya.

Kuna fungu la matumbawe karibu na ufuko ambalo maji yakipwa sana hubaki wazi, na wageni hupenda kupita hapo na viatu. Nilikuwa nimesema hadi koo likakauka. Asubuhi moja nikakumbuka mwambani kwetu. Unajua, Mama, mwanamke akiwahi mwamba kabla muhogo wake aliouloweka mtoni haujatoka majini, hutandika kitenge chake na kuweka jiwe kila pembe, kisha anaenda zake. Basi. Hata mke mwenzake hapakanyagi. Hata wachungaji wa Dranya, ambao hawana adabu yoyote, wanazungusha mbuzi kando. Nikasema moyoni, watu wazima wakiona kitu cha mtu kimetandikwa na kuwekewa mawe, watajua pana mwenyewe. Nikachukua kile kitenge changu cha kijani chenye ndege, ulichonipa siku naondoka, nikakitandika juu ya fungu lile, mawe pembe nne. Nikaenda kupanga miwani ya maji nikiwa na furaha.

Niliporudi kilikuwa kimekaliwa. Walidhani hoteli imewatandikia. Mwenye fulana alikuwa amelala chali katikati ya ndege wangu, mikono nyuma ya kichwa, amefumba macho. Na aliyekuwa akimpiga picha, akiinama, akirudi nyuma ili bahari yote iingie, akikanyaga matumbawe kwa viatu vyake vya mpira, alikuwa yule bwana wa pikipiki. Wanacheka. Anamwambia ainue kidevu. Kikao hakikuwapatanisha, maboya hayakuwapatanisha, kitenge chako ndicho kilichowapatanisha.

Niliwaambia watoke. Nilisema kwa sauti, na nilisema kwa lugha yetu kwanza kabla sijapata nyingine. Wakatazamana. Bwana akaniuliza kama kuna malipo ya ziada.

Mambo hayakuishia hapo. Meneja aliziona picha zile, akazipenda, akaniita ofisini kunipongeza. Aliniambia nina kipaji. Tangu siku hiyo, kila maji yakipwa mchana natumwa kutandika pale vitenge viwili na mto wa kochi, na wageni wanapanga foleni. Sehemu ile ilikuwa na rangi kama ya kiini cha yai. Sasa imekuwa nyeupe, na ukiigusa linabaki vumbi mkononi. Nililia, Mama. Nikajicheka kwamba nalilia jiwe, kisha nikaendelea kulia. Juzi nimemwambia meneja sitandiki tena, na akitaka kunifukuza nauli ya kurudi ninayo. Ameniambia nipumzike siku chache, nimechoka. Wanadhani hasira ya mtu mweusi wa bara ni malaria.

Sasa turudi Lurujo. Kaka, kunywa maji kidogo, sehemu yako imefika.

Umeniambia kwamba wanawake hawatanyimwa mwamba. Umesema tajiri ni mtu muungwana, atawaachia upande wa juu, na mtapiga mstari wa rangi, upande huu mihogo, upande huu wageni. Rangi, kaka. Nimeishi na rangi. Najua mgeni anaufanyia nini mstari. Anaukanyaga ili aone kama ni kweli. Na siyo kwamba ni mwovu, maana mwovu angalau unamvizia. Ni mtu ambaye kesho hayupo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wa siku hizi ukimpa jembe atapiga picha nalo na kukurudishia. Mwanamke wa Lurujo hakanyagi muhogo wa mwenzake kwa sababu kesho ataomba moto kwake, na keshokutwa mtoto wake ataumwa na atahitaji mtu wa kumshika mkono njiani. Mtu wa Jumapili anahitaji nini kwa Mama? Ataona kitu cheupe kimetandazwa vizuri kwenye jua, karibu na maji. Atatafuta mahali pa kuweka chupa yake.

Umesema pia nitakuwa meneja. Umesema mtanijengea ofisi yenye dirisha linalotazama dimbwi. Ahsante. Dimbwi lile nimelitazama tangu nikiwa mgongoni mwa Mama na halijawahi kunidai dirisha. Na huyo tajiri wako, kabla hajaja kutufundisha maji, mwulize kama anajua kuogelea. Wa hapa wanaomiliki bahari hawajui, nimewauliza.

Halafu kaka, nikukumbushe kitu, na Mama atanisahihisha nikikosea. Ulikuwa mdogo, una mpira wako wa majani ya migomba, ukaukimbiza hadi mwambani na ukapita katikati ya muhogo wa yule bibi kizee aliyeishi peke yake karibu na daraja. Muhogo ulikuwa bado mbichi, ukasambaa kila mahali na alama za miguu yako zikabaki. Bibi hakufoka. Alichutama akaanza kuokota. Mama alikuja, akatazama alama, akatazama miguu yako. Hakukupiga. Alikusanya muhogo wetu wote uliokuwa umekauka upande wa pili, akampa bibi, na akasema, "Taban, iko chakula ya nyumba yetu. Beba wewe mwenyewe, peleka kwake." Tulikula majani ya kunde bila ugali hadi muhogo mwingine ulipotoka majini. Hakuna aliyekusema. Ulikuwa ukilia ukitafuna.

Tangu hapo huukanyagi mwamba ule. Nimekuona. Nilipokuja likizo, ulikuwa umevaa viatu vyako vipya vya ngozi, mwamba wote mtupu, hakuna hata punje moja imeanikwa, na bado ulizunguka kupitia kwenye miba ukararua suruali. Nilicheka, ukasema unapenda njia ile. Unaipenda wapi. Miguu yako ina akili kuliko hao unaotembea nao sasa, na mimi kaka yangu wa miba ndiye ninayempenda, huyu wa gari jeupe simjui.

Basi Mama, neno langu uliloliomba ni hili: usikubali. Kama Taban atasema nimeandika vingine, subiri shangazi aje.

Salamu kwa wifi yangu Poni, mke wa Taban, mwambie ile dawa ya macho ya mtoto niliyompa dereva ailete, ampake asubuhi tu. Salamu kwa shangazi Keji, na nasikitika kwa mwandiko wangu, kalamu za hapa zinaingia mchanga. Salamu kwa binamu yetu mshona viatu wa Koboko mjini. Salamu kwa baba mdogo anayefuga nyuki, na mwambie asali ya hapa ni sukari iliyochemshwa, wanauza bila aibu. Salamu kwa jirani yetu mjane wa upande wa mto, ambaye huniombea. Dereva anayeleta barua hii anapeleka lori Kongo na hulala Arua. Ni mwaminifu, ila mpeni chakula kabla hajaanza kuongea, vinginevyo atasahau kula.

Limebaki moja. Nasikia tajiri haoni haja ya kusubiri jibu, na kwamba atakuja kupima mara tu barabara itakapokauka, akidhani utachoka na kukubali. Mama, siku hiyo usigombane naye. Usipaze sauti, goti lako halitaki kusimama sana. Wewe na Poni na mjane na wanawake wote wa upande ule, toeni mihogo majini mapema mwaanike. Anikeni mwamba wote, kuanzia njiani hadi penye maji, msiache hata nafasi ya kuku kupita. Kisha kaeni kivulini mmenye karanga.

Naandika haya wazi na Taban anayasoma, kwa sababu hayana siri. Najua tajiri atakanyaga. Yeye ni mgeni, viatu vyake havijui kitu. Lakini kamba ya kupimia inashikwa na watu wawili, kaka. Yeye atasimama njiani na ncha moja, na atakupa wewe ncha nyingine uivushe hadi majini. Kando hakuna njia ya kamba, kuna miba. Njia iliyopo ni katikati ya mihogo ya Mama, bado mibichi, na Mama mwenyewe amekaa pale anakutazama.

Haya, pita.

Ni mimi binti yako, niliye mbali na mwamba lakini bado nina sehemu yangu juu yake. Mwambieni Poni anitandikie kitenge, aniwekee jiwe kila pembe.

Kiden